Kutoka Raleigh Hadi Shimoni: Siku Nane na Timu ya Presha

Jumatatu, 31 Machi 2025: Raleigh

Mjomba ametua hapa wiki tatu zilizopita akitokea Morogoro. Alisema anakuja kumwona mpwa wake na wajukuu. Kumbe sisi ni kisingizio. Siku ya pili tu, uji haujapoa, alitoa ramani kwenye bahasha ya kaki, akaitandaza mezani na kuburuza kidole kutoka mashariki kwenda magharibi.

"Barabara ni moja," akasema. "I-40. Unaingia hapa, unatokea kule."

Kule ni Albuquerque, New Mexico, karibu kilomita 2,800 kutoka mlangoni kwangu. Mjomba alifika Raleigh mwaka 1982 kusomea udongo na mazao katika chuo cha NC State. Alikuwa hajawahi kuona mpira wa kikapu ukichezwa ndani ya jengo. Miezi minane baadaye chuo hicho kilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani, na tangu hapo hajapona. Anataka kuwa Albuquerque tarehe 4 Aprili, siku ileile ulipopatikana ubingwa ule, miaka 42 iliyopita.

Abiria wa tatu ni rafiki yake waliyekaa naye chumba kimoja bwenini, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa kaunti ya Johnston. Sisi humwita Bwana Tumbaku, naye hapingi. Ananisalimia "shikamoo" ingawa ana umri wa kunizaa, kwa sababu Mjomba alimfundisha neno hilo mwaka 1982 na hakuwahi kumweleza linatoka kwa nani kwenda kwa nani.

Leo tumepita mahali pawili. Kwanza Reynolds, ukumbi wa matofali uliofunguliwa 1949. Wanaume walihama 1999 wakaenda kwenye uwanja mkubwa wa kisasa, wanawake wakabaki. Humu ndimo alimorudi kocha wa ubingwa ule, Jim Valvano, tarehe 21 Februari 1993, saratani ikiwa imemla mifupa, akazungumza na mashabiki katika maadhimisho ya miaka kumi ya ubingwa. Bwana Tumbaku alikuwepo. Anasema wanaume wazima waliokuwa wamekaa karibu naye walilia mpaka wakaacha kuoneana haya.

Kisha makaburi ya Oakwood. Valvano amelala hapa. Alifariki tarehe 28 Aprili 1993. Jiwe lake linakumbusha watu watenge muda kila siku wa kucheka, wa kufikiri na wa kulia. Katika makaburi haya haya amezikwa Lorenzo Charles, kijana wa Brooklyn aliyefunga kikapu cha mwisho cha fainali ile. Kocha alikufa na miaka 47. Charles alikufa na miaka 47. Mjomba alivua kofia, akasoma Fatiha kwa wote wawili bila kujali dini yao, akavaa kofia.

Jumanne, 1 Aprili: Raleigh hadi Knoxville

Hatujatoka hata nje ya mji, Bwana Tumbaku akaomba nipunguze mwendo. Ni kwenye I-40 hii hii, hapa hapa Raleigh, tarehe 27 Juni 2011, basi alilokuwa akiendesha Lorenzo Charles lilipopata ajali. Alikuwa peke yake ndani. Baada ya kucheza huku na huko, Charles alikuwa dereva wa mabasi ya kukodi, na watu wengi waliopanda basi lake hawakujua wanaendeshwa na nani.

Kwa wasioijua timu hii, nieleze kidogo, maana Mjomba akieleza mwenyewe tutafika Tennessee hajamaliza mwezi wa Januari. Dereck Whittenburg na Sidney Lowe walikuwa walinzi wawili waliotoka sekondari moja, DeMatha. Mmoja alitupa kutoka mbali, mwenzake akaongoza timu. Mrefu wao alikuwa Thurl Bailey, mtaratibu, mwenye mkono laini. Cozell McQueen alikuwa wa kugombea mipira chini ya kikapu. Charles alikuwa na nguvu za mbeba mizigo wa bandarini na aibu ya bwana harusi. Januari, katika mechi dhidi ya Virginia, Whittenburg alivunjika mguu. Watu wakaiandika timu marehemu.

Akarudi kabla msimu haujaisha. Walishindwa mechi 10 mwaka ule. Kumi! Bingwa gani anapoteza mechi kumi? Njia pekee ya kuingia mashindano ya taifa ilionekana kuwa kutwaa kombe la kanda yao, ACC, mjini Atlanta. Wakawafunga Wake Forest kwa pointi moja, 71 kwa 70. Wakawafunga North Carolina, wenye Michael Jordan, katika muda wa nyongeza, 91 kwa 84. Fainali wakawafunga Virginia, wenye Ralph Sampson, jitu la mita 2.24, 81 kwa 78. Magazeti yaliwaita Cardiac Pack, yaani Kundi la Ugonjwa wa Moyo. Mjomba huwaita Timu ya Presha, na nadhani amelipata jina hilo vizuri kuliko magazeti.

Mpakani mwa Tennessee tulitambaa. Mafuriko ya kimbunga Helene, Septemba 2024, yalimega barabara kwenye korongo la mto Pigeon, kipande kizima cha I-40 kikaangukia mtoni. Wamefungua tena mwezi uliopita tu, njia moja kwenda na moja kurudi. Bwana Tumbaku alinyamaza muda wote wa korongo. Alikuja huku kusaidia kufukua matope, na hapendi kulizungumzia.

Jumatano, 2 Aprili: Knoxville hadi karibu na Memphis

Simu zilianza kupiga kelele baada ya Nashville. Tahadhari ya tonado. Mbingu ilikuwa na rangi ya maji ya ndizi zilizochemshwa. Tulipanga kulala Memphis na kula mbavu za nguruwe (Mjomba angekula kuku), lakini giza lilipoingia nikaona bora tuitafute nyumba yoyote ya wageni kandokando ya barabara.

Saa tano usiku king'ora kikalia. Meneja akatutoa vyumbani, akatukalisha kwenye ukumbi wa kati usio na madirisha: familia yenye mtoto mchanga, madereva wawili wa malori, bibi mmoja na paka kwenye kikapu, na sisi. Taa zilizimika, zikarudi, zikazimika.

Nani alianza? Nadhani dereva mmoja wa lori aliona kofia ya Mjomba akauliza, "NC State? Ule mwaka wa yule kocha aliyekimbia hovyo?" Basi. Bwana Tumbaku akajisogeza mbele kama mganga aliyepata mteja.

Akaanzia Corvallis, Oregon, mzunguko wa kwanza, dhidi ya Pepperdine, chuo kidogo cha California. Timu ya Presha ilikuwa imekufa. Pepperdine waliongoza dakika za mwisho, wakafanyiwa faulo, wakapewa mitupo huru, wakaikosa. Sheria ya wakati ule ilikuwa kali: katika faulo nyingi, ukikosa mtupo wa kwanza, wa pili hupewi. Valvano aliigeuza sheria hiyo kuwa silaha. Ukiwa nyuma, mfanyie faulo mpinzani mwenye mkono wa kutetemeka, uombe Mungu. Walishinda 69 kwa 67 baada ya nyongeza mbili. Mechi iliyofuata, na Las Vegas, walishinda 71 kwa 70. Kisha Ogden, Utah: hapo wakawaponda wenyeji 75 kwa 56, mechi pekee ambayo mashabiki walipata nafasi ya kupumua. Halafu Virginia tena, na Sampson tena, 63 kwa 62, kwa mitupo miwili ya Lorenzo Charles katika sekunde za mwisho.

"Kijana mwenye aibu," alisema Bwana Tumbaku gizani. "Nchi nzima inamtazama. Akatumbukiza yote miwili."

Upepo ulikuwa unavuta paa. Mtoto mchanga alilala. Dereva wa lori akauliza vipi kuhusu fainali, na hapo nikategemea Mjomba adake, kwa sababu fainali ni yake, huisimulia yeye siku zote, na mikono. Akasema amechoka.

Saa nane usiku tuliruhusiwa kurudi vyumbani. Asubuhi tukasikia kuwa usiku ule tonado ilipiga Selmer, kusini mwa tulipokuwa.

Alhamisi, 3 Aprili: Memphis hadi Oklahoma City

Mvua. Mto Mississippi tuliuvuka bila kuuona. Arkansas yote ilikuwa kioo cha mbele na wipa. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamegeuka ziwa, na Mjomba, mtu wa udongo, alilalamika kwa niaba ya udongo.

Ijumaa, 4 Aprili: Oklahoma City hadi Albuquerque

Siku ndefu kuliko zote, zaidi ya kilomita 870. Magharibi ya Oklahoma nchi inalala kama mkeka. Tulipita msalaba wa Groom, Texas, unaoonekana kutoka mbali sana, na karibu na Amarillo yale magari kumi yaliyochomekwa ardhini kwa pua. Mjomba hakutaka kusimama. Ana miadi.

Bwana Tumbaku alitumia Texas nzima kugombana na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Kila mwaka Machi ikifika, televisheni zinarusha kile kikapu cha Charles na zile mbio za Valvano. Wafanyabiashara wanavuna. Wachezaji wenyewe? Juni 2024 kumi kati yao walifungua kesi wakidai picha zao zimetumika miaka yote bila malipo. "Charles aliendesha basi," alirudia mara tatu. "Basi!"

Mimi nilimtupia swali la upande wa pili, kwa sababu safari ndefu inahitaji ugomvi: na Valvano je? Mwaka 1989 NCAA ilikiadhibu chuo baada ya kubaini wachezaji waliuza viatu na tiketi walizopewa bure, na mwaka 1990 kocha akaondolewa. Mashabiki wanaojua kila sekunde ya 1983 huwa wanaipita 1990 haraka kama daraja bovu. Bwana Tumbaku akasema nina haki ya kuuliza. Halafu akawasha redio.

Tuliingia Albuquerque jua limeshazama. Mgahawani mhudumu akauliza swali ambalo jimbo hili limelifanya swali lake rasmi: mchuzi wa pilipili, nyekundu au kijani? Mjomba alimtazama kama aliyetukanwa, akagusa kofia yake nyekundu, rangi ya NC State.

Kisha akasimulia. Sikumwomba.

Tarehe 4 Aprili 1983 ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Wiki ile alikuwa amepokea barua kutoka nyumbani: foleni za sukari, sabuni hakuna, na msako wa wahujumu uchumi umeanza. Aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya mto, akashuka kwenye chumba cha televisheni cha bweni. Walikuwa kama sitini, wengi wamekaa sakafuni. Wapinzani walikuwa Houston, walioshinda mechi 26 mfululizo. Clyde Drexler alikuwemo. Wote walikuwa wanaruka na kudanki kana kwamba kikapu kimeshushwa. Na katikati alisimama Akeem Olajuwon, kijana wa Lagos aliyeanzia kwenye mpira wa miguu na wa mikono, akiwa golikipa.

Kufikia mapumziko, NC State 33, Houston 25. Bailey alikuwa na pointi 15 peke yake. Kipindi cha pili Houston wakafungua bomba, pointi 17 kwa 2, wakaongoza 42 kwa 35. Hapo kocha wao, Guy Lewis, akaamuru wapunguze kasi. Hakukuwa na saa ya kulazimisha timu itupe, ungeweza kukaa na mpira mpaka usiku wa manane. Vijana wake walikuwa wanatweta. Albuquerque iko juu ya mita 1,500, kama mtu aliyeshuka basi Iringa akaambiwa acheze. Valvano akatoa dawa yake ya faulo. Mitupo ikakosa. Whittenburg na Lowe wakatupa kutoka mbali. Sare, 52 kwa 52.

Mpira wa mwisho ukabaki kwa NC State. Wakaushika, wakauzungusha, mkono wa Houston ukaugusa, Whittenburg akaudaka huko mbali, mita tisa hivi kutoka kikapuni, akautupa. Ulikuwa mfupi. Kila mtu alimtazama mtupaji. Charles peke yake aliutazama mpira. Akauchukua hewani na kuuzamisha. 54 kwa 52. Whittenburg mpaka leo anashikilia kuwa ile ilikuwa pasi.

"Ilikuwa pasi," alisema Bwana Tumbaku.

"Ilikuwa mkoso," alisema Mjomba.

Wamegombana hivyo kwa miaka 42, nusu yake kwa barua.

Jumamosi, 5 Aprili: Albuquerque

Ukumbi unaitwa The Pit, yaani Shimo, na haujapewa jina hilo kwa mapambo. Ulijengwa 1966 kwa kuchimba chini. Ukiwa nje unaona jengo la kawaida, fupi. Ukiingia, viti vinaanzia usawa wa barabara na kushuka, na sakafu ya kuchezea iko mita 11 chini ya miguu yako. Wachezaji wanaingia kwa mteremko mrefu.

Leo ulikuwa umefungwa. Bwana Tumbaku alizungumza na mlinzi. Sijui alimwambia nini, nilisikia tu neno "Morogoro". Tukapewa dakika kumi, tusishuke sakafuni.

Bwana Tumbaku alionyesha upande ambao kikapu kilifungwa, au alioamini. Alionyesha njia ya Valvano, akikimbia mikono wazi, akitafuta wa kumkumbatia. Kawaida baada ya ushindi alimkumbatia Whittenburg, siku hiyo Whittenburg alikuwa tayari kifuani kwa mtu mwingine. Alikuwa kocha aliyewahi kuwapa vijana wake mazoezi bila mpira, mkasi tu, wajifunze kukata nyavu za ubingwa. Hakuwa amewafundisha la kufanya sekunde kumi kabla ya mkasi.

Mjomba hakuwa anasikiliza. Alishika bomba la ngazi akauliza, kwa Kiswahili, kwa hiyo aliniuliza mimi:

"Alilala wapi?"

"Nani?"

"Akeem."

Katika picha zile, ukiacha kumfuata kocha, utamwona Olajuwon akianguka sakafuni baada ya kikapu, akibaki hapo. Alikuwa amefunga pointi 20 na kudaka ribaundi 18. Akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho, akiwa wa timu iliyoshindwa.

Bwenini kwao, akasema Mjomba, kulikuwa na Mnaijeria mmoja aliyesomea mambo ya nguo. Ndiye aliyempokea Mjomba alipofika, akampa koti, akamwonyesha duka linalouza unga wa kupikia ugali. Wiki ya Pasaka hakula nyama wala samaki bila kumgawia. Usiku ule, kati ya watu sitini, yeye peke yake alikuwa upande wa Houston, kwa ajili ya kijana wa Lagos. Charles alipozamisha mpira, Mnaijeria aliinuka akatoka bila kusema neno. Mjomba akamfuata. Akampigia mlango kwa viganja kama ngoma, akaimba. Aliimba kwa Kiswahili na Kiingereza, na maneno mengine hayafai kuandikwa. Kisha akakimbilia Hillsborough Street na wenzake, wakawasha moto kwenye uwanja wa matofali, mnara wa kengele ukawaka taa nyekundu.

"Aliondoka Mei," akasema. "Tulikuwa tunasalimiana tu."

Mlinzi akagonga saa yake.

Jioni, nusu fainali ya mwaka huu: Houston na Duke, kutoka San Antonio. Timu yetu yenyewe haikuwa hata mashindanoni, baada ya ule mwujiza wa 2024 wa kushinda mechi tano kwa siku tano na kufika nusu fainali kwa mara ya kwanza tangu 1983. Duke ni jirani, na mashabiki wa NC State humpenda jirani huyo kama mkulima anavyompenda nguruwe pori. Bwana Tumbaku alipata taabu rohoni: amshangilie Houston, yule tuliyemfunga 1983, au amwombee Duke? Duke waliongoza kwa pointi 14. Houston wakarudi, wakashinda 70 kwa 67. Bwana Tumbaku alishangilia mpaka sauti ikapotea. Mjomba alikuwa ameanza kushangilia kabla yake.

Jumapili, 6 Aprili: Albuquerque hadi Amarillo

Tumegeuza. Baridi kali. Hakuna la kuandika, isipokuwa kofia ya pili imeanza kutumika.

Jumatatu, 7 Aprili: Amarillo hadi Fort Smith

Fainali, Houston na Florida. Tumeiona chumbani, tumekaa kwenye vitanda viwili. Houston hawajawahi kutwaa kombe hili: walishindwa 1983, wakashindwa tena 1984 mbele ya Georgetown. Olajuwon alilipata lake kwingine, NBA, mwaka 1994 na 1995, akiwa na Rockets wa mji uleule.

Houston waliongoza sehemu kubwa ya mchezo. Mwishoni wakawa nyuma kwa pointi mbili, mpira mkononi mwao. Sekunde zinakatika. Kijana wao akaruka kutupa, akaona mlinzi anamjia hewani, akauachia mpira udunde. Hakuruhusiwa kuugusa tena. Ukadunda mara moja, mara mbili, wachezaji wakaurukia, muda ukaisha. 65 kwa 63. Mtupo wenyewe haukutoka.

"Mbili tena," alisema Bwana Tumbaku polepole.

Kwenye skrini, mvulana mwenye jezi ya Houston alikuwa amechuchumaa, jezi ameivuta mpaka machoni. Mjomba aliitafuta rimoti chini ya mto, akazima kabla kamera haijamsogelea.

"Lagos saa ngapi sasa hivi?" aliniuliza.

Nikahesabu kwa vidole. Saa kumi alfajiri.

"Basi amelala," akasema, akainama kufungua kamba za viatu.